Stoo ya shemeji Arash: dawa ya kupe, unga na petroli chumba kimoja!

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea hebu nenda kafungue mlango wa stoo yako uchungulie. Usinidanganye, najua utakachokiona. Ndoo ndani ya ndoo, jembe lisilo na mpini, gunia la mahindi limeegemea ukuta, dumu la mafuta ya taa lililozibwa na gunzi, na juu ya yote hayo tairi la pikipiki ambalo mwenye nyumba kila siku anasema "nitaliziba tu". Wenye nazo wamejenga banda la gari ubavuni mwa nyumba, lakini gari lenyewe linalala nje, linapigwa jua na mvua, kisa banda limejaa makorokoro! Kwetu hata neno gereji ni la kwa fundi makenika, pale chini ya mti penye oili chafu na injini zilizofumuliwa. La nyumbani ni stoo tu, hata kama lilijengwa kwa ajili ya Land Rover.

Leo nawapeleka Arash, tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Wengi wetu jina la Loliondo tulilisikia mwaka 2011, pale kikombe cha Babu wa Samunge, marehemu Ambilikile Mwasapile, kilipofanya magari yapange foleni porini usiku na mchana. Wengine wamelisikia mwaka 2022, serikali ilipotenga kilometa za mraba 1,500 za huko kuwa Pori Tengefu la Pololeti, na vijiji kama Arash vikajikuta katikati ya mgogoro. Hayo yana waandishi wake, mimi siyagusi. Mimi nilikwenda kumsalimia dada.

Dada ni mwalimu, ameolewa na Mmasai anayefanya biashara ya ng'ombe minadani. Nyumba yao ni ya tofali na bati, na pembeni wana banda la futi 10 kwa 14 ambalo shemeji alilijenga kwa ajili ya gari atakalonunua "mvua zikikaa vizuri". Kwa sasa linalala pikipiki. Pikipiki na kila kitu kingine, maana sijawahi kuona chumba kimoja kimebeba maisha ya watu namna ile. Magunia mawili ya mahindi chini kwenye udongo. Debe la unga. Bomba la mgongoni la kupulizia ng'ombe, bado linadondoka. Chumvi ya mifugo. Sindano, vichupa vya dawa, spana, mnyororo mkukuu, chupa za maji ya kunywa zenye petroli. Katikati ya petroli na unga, vibuyu viwili vya maziwa vya mama mkwe vikisubiri kufukizwa. Asiyejua, vibuyu vya Kimasai husafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, ndiyo maana maziwa yake yana harufu ile tamu ya moshi. Sasa weka kibuyu kama hicho jirani na dawa ya kupe uone kama utakunywa!

CHUPA NYEUPE

Siku ya pili asubuhi nikamkuta mtoto wa dada, ana miaka mitatu na mimi ananiita mama mdogo, amekaa kwenye kizingiti cha banda amekumbatia chupa ya soda ya plastiki. Ndani mna kitu cheupe. Anaung'ata mfuniko kwa meno, jasho linamtoka, hataki kushindwa.

Ilikuwa dawa ya kupe iliyobaki baada ya kupulizia ndama. Nyingi ya dawa hizi ukizichanganya na maji zinakuwa nyeupe pee, na kwa mtoto wa huku kitu cheupe kwenye chupa ni maziwa, hana sababu ya kufikiria kingine. Aliyemwokoa ni mtu aliyekaza mfuniko jana yake, na mpaka leo kila mmoja pale nyumbani anasema ni yeye.

Lililonikera zaidi ni kwamba hakuna aliyejua ile dawa inaitwaje. Shemeji aliipimiwa kwenye kichupa na duka moja la dawa za mifugo mnadani (jina nalihifadhi), bila lebo, bila karatasi ya maelezo. Je, mtoto angekunywa, daktari akauliza kanywa nini, tungejibu nini? Nyeupe?

Nitoke nje ya mada kidogo, maana hili ni la uhai. Mtoto akinywa dawa ya mifugo au petroli, usimtapishe. Vimiminika hivi vikipanda tena kooni vinaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo unakuwa umeongeza balaa la pili. Usimshindilie maziwa pia ukidhani yanaua sumu, hayaui. Mtoe penye sumu, kama imemwagikia mwili mvue nguo umwoshe kwa maji mengi, chukua ile chupa yenyewe na lebo yake, kimbia hospitali. Chupa ni muhimu sawa na nauli.

Basi mchana ule nikamwambia shemeji, "Shem, nipe mbao, nakutengenezea rafu." Akacheka. "Shemeji, wewe ni mtu wa kalamu." Nikamwambia hata kalamu inahitaji mahali pa kuwekwa.

MBAO ZA KUTOKA MBALI

Arash huwezi kutoka tu ukanunua mbao dukani. Zetu zilipanda lori Mto wa Mbu, zikapita Engaruka na Engaresero chini ya mlima Oldoinyo Lengai, zikafika Wasso, kisha zikatafutiwa usafiri mwingine wa kuja kijijini. Kwa hiyo kabla ya kuagiza kaa chini na karatasi, piga hesabu mpaka ubao wa mwisho, maana ubao ukipungua mmoja unasubiri lori jingine.

Mbao nyingi za kanda hii ni paina na saiprasi za mashamba ya miti ya serikali kama yale ya Meru na West Kilimanjaro. Saiprasi ni bora kidogo kwa rafu, haipindi ovyo na harufu yake ni safi. Paina ni rahisi kufanyia kazi, lakini mchwa wanaipenda kama watoto wanavyopenda peremende. Wazee wa hapa watakwambia ubao wa kweli ni wa mti wa oltarakwai, ule mwekundu wenye harufu, ambao nguzo zake zikichimbiwa ardhini mchwa wanazikwepa. Ni kweli kabisa, lakini mti wa asili haukatwi bila kibali, na mtu wa misitu akikukamata na mbao zisizo na risiti wala hati ya kusafirishia, hiyo rafu utaisikia kwenye bomba. Nunua za shamba, tunza risiti.

Rafu yenyewe nimeichora urefu futi 6, kimo futi 6, ngazi nne za kuwekea vitu. Ninachotengeneza kwanza ni ngazi tatu fupi fupi, moja kushoto, moja kati, moja kulia. Kila ngazi ina miguu miwili ya mbili kwa mbili na vidato vinne (vidato vya ngazi, siyo vya shule) vya inchi 20. Kwa kuwa kila mguu unakula inchi 2, ndani inabaki nafasi ya inchi 16, ambayo inapitisha mbao mbili za moja kwa nane zikilala sambamba. Kwa hiyo hakuna kuchonga, hakuna kutoboa, mbao zinateleza juu ya vidato tu.

Hesabu: miguu sita ya futi 6 inatoka kwenye mbili kwa mbili tatu za futi 12. Vidato kumi na viwili vinatoka kwenye mbili nyingine, na vinabaki viwili vya akiba. Ya sita ni kwa ajili ya mshazari wa nyuma. Mbao za kuwekea vitu ni moja kwa nane nne, kila moja unaikata katikati. Misumari ya inchi 3 kilo moja kwa vidato, ya inchi 2½ nusu kilo kwa mbao. Basi.

Kwa nini ngazi ya katikati, wakati mbao zinafika toka mwanzo hadi mwisho? Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ubao wa inchi moja ukiuachia futi 6 bila kitu katikati, baada ya mwezi umebonyea kama machela. Mzigo ukiwa uleule, ukiongeza urefu wa hewani mara mbili ubao unapinda mara nane, siyo mara mbili! Na ukiongeza unene mara mbili unakuwa mgumu mara nane. Ndiyo maana nguzo moja ya bei poa katikati inashinda kununua mbao nene.

FUTI TATU, NNE, TANO

Vifaa: msumeno, nyundo, futi kamba, penseli, kamba, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Hatukuwa na pima maji wala kiguni. Kona ya mraba nikaipata kwa kamba: pima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kutoka nukta hadi nukta iwe futi 5 kamili. Ikiwa 5, kona imenyooka. Mwalimu wetu wa hesabu alituimbisha habari za Pythagoras miaka na miaka, na mimi nikijua ni kitu cha mtihani tu!

Levo tulipima kwa mpira. Ujaze maji usiache mapovu, shika ncha moja mguu wa kushoto, mwenzio ashike nyingine mguu wa kulia, maji yakitulia pande zote mbili ndiyo usawa wako. Sakafu ya banda ni udongo na imeteremka kuelekea mlangoni, kwa hiyo miguu ya mbele tuliiweka juu ya mawe bapa mpaka tukaenda sawa na ya nyuma. Hata sakafu ikiwa sawa weka mawe. Mguu wa mbao kwenye udongo ni mwaliko wa mchwa, na mchwa wa Arash hawana mchezo.

Dawa yangu ya mchwa ni ya kimaskini. Inchi 6 za chini za kila mguu nilizilowesha oili chafu usiku kucha. Za chini tu, usipake rafu nzima, maana ile si kitu cha kukaa karibu na unga. Halafu acha nafasi kama ya kiganja kati ya rafu na ukuta ili kila wiki uweze kupiga jicho. Ukiona kijistari cha udongo kinapanda mguuni, hao ndio wenyewe, kwangua uangalie wametokea wapi.

Kuna ujanja mmoja fundi wa Karatu alinifundisha zamani, nautoa bure. Msumari unapasua ubao karibu na ncha kwa sababu una ncha kali inayotanua nyuzi za mti. Ugeuze msumari, uweke kichwa chini kwenye jiwe, igonge ncha mara moja iwe butu, ndipo upigilie. Badala ya kutanua unakata. Sikupasua kidato hata kimoja, na kila kiungo nilipiga misumari miwili ikiwa imepishana, siyo kwenye mstari mmoja.

Wakati nimepiga magoti na nyundo, vijana watatu wakaja kuegemea fimbo zao mlangoni. Mmoja akasema kwa Kiswahili ili nisikie vizuri, "Arash leo mafundi wameisha, mpaka mwanamke anapigilia misumari." Mama mkwe wa dada alikuwa nje anashona shanga. Hakuinua hata kichwa. "Nyumba unayolala wewe ilijengwa na nani?" Kimya. Maana kwa Wamasai nyumba hujengwa na mwanamke, kuanzia fito, tope, hadi samadi ya kukandika. Wale vijana wakaondoka mmoja mmoja kama watu waliokumbuka ng'ombe.

Mshazari wa nyuma msiudharau. Rafu isiyo na mshazari inacheza kama mlevi hata ukipiga misumari mia. Kutoka kona ya chini kushoto mpaka ya juu kulia ni kama futi 8 na nusu, kipande kinachobaki nilikikata viwili nikakaza kona za ubavuni. Halafu nikaifunga rafu juu kwenye kenchi kwa waya wa kufungia nondo, sehemu mbili. Mtoto akipanda mbele kama ngazi, na atapanda tu, isije ikamlalia.

NANI AKAE WAPI

Kupanga ndiko kulikozua ubishi. Dada alitaka dawa zikae juu kabisa, mtoto asifike. Inaingia akilini, mpaka uingie ndani ya banda la bati saa nane mchana na kunyoosha mkono juu. Ni oveni! Vichupa vingi vya dawa za sindano vimeandikwa wazi visizidi nyuzi 25 au 30, na visipigwe na jua. Ukiviweka chini ya bati unaweza kumchoma ng'ombe sindano mwezi mzima ukashangaa haponi, wakati dawa imekwisha nguvu ikiwa rafuni.

Tulipoafikiana ni ngazi ya tatu, kama futi 4 kutoka chini, upande usiopigwa na jua la mchana. Na kufuli. Dada alikuwa bado ana tranka lake la bati la shule ya bweni, jina lake limeandikwa kwa rangi nyeupe mbele. Likaingia rafuni sawasawa. Sasa ndilo kabati la dawa, funguo anayo shemeji na nyingine dada. Kila chupa imebandikwa plasta yenye jina la dawa na tarehe. Ile isiyojulikana nilimwambia shemeji airudishe dukani kwa mwenyewe, na kuanzia sasa asipokee dawa isiyo kwenye chupa yake. Dawa ikishachanganywa na maji haiwekwi akiba, inapuliziwa yote siku hiyo hiyo, unachanganya kwa kipimo cha mifugo uliyonayo.

Ngazi ya chini ni ya vizito, betri, spana, jeki. Chumvi ya mifugo nimeipeleka mwisho wa upande mwingine ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa sababu chumvi inakula vyuma na hata misumari ya rafu yako. Juu kabisa vitu visivyojali joto: kamba, tairi, turubai. Bomba la kupulizia linaning'inia kwenye msumari wake nje, limeoshwa.

Petroli haimo. Hili shemeji alilipinga sana, eti nje wataiba. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauendi juu ukapotea, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na koroboi. Tumemjengea kibanda kidogo cha mawe nyuma, chenye kivuli, dumu moja lenye mfuniko wa kukaza. Chupa za maji ya kunywa zote nimezikanyaga kwa mguu wangu. Na ndani ya banda taa sasa ni ya sola.

Unga umerudi jikoni kwa dada, vibuyu kwa mama mkwe. Mahindi yamebaki bandani, ila hayapandi rafuni. Gunia la kilo 100 siyo mzigo wa rafu ya misumari. Yamekaa kwenye chaga niliyoiunga kwa vipande na fito, inchi 6 juu ya udongo, mbali na ukuta kiasi cha paka kupita. Msidhani ni usafi wa kizungu huu. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafa, chanzo mahindi yaliyoota ukungu ambao wakati mwingine huuoni kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yanayokaa kwenye udongo yanavuta unyevu toka chini.

Kujua kama yamekauka chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Yakishakauka mifuko ile ya PICS yenye tabaka tatu inawanyima hewa dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima walimbatiza Scania kwa jinsi anavyosaga. Alionekana Tabora kwanza, miaka ya sabini ikielekea mwisho, akatambaa nchi nzima. Anatoboa hata mbao, kwa hiyo usiache magunzi na fito kavu zimerundikana chini ya rafu yako mpya.

Kazi yote ilikula siku mbili na nusu, mbao zikiwa zimeshafika. Jioni ya tatu mama mkwe aliingia, akaikandamiza rafu kwa viganja vyote viwili, akaitikisa, akatoka bila kusema neno. Kesho yake akatuma mjukuu: anataka yake, ngazi mbili tu, ya vibuyu. Tatizo mlango wa nyumba yake ni mfupi na una kona, rafu iliyokwisha kuungwa haipiti. Kwa hiyo ninavyoandika hapa nimeshakata vidato vya inchi 14, na ninaviingiza ndani kimoja kimoja niziungie huko huko gizani, yeye ameshika tochi.